Jedwali la Tatu

Tamthilia ya Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982, ina waandishi watatu: Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Kila mmoja ana kazi zake nyingine. Muhando alikuwa ametoa Hatia miaka kumi kabla, Balisidya alikwisha kuandika riwaya ya Shida mwaka 1975, na Lihamba aliitoa Hawala ya Fedha mwaka 1980 kutokana na kazi ya Msenegali Sembène Ousmane. Mkutubi mwenye kadi za karatasi hapati shida hapo: ataandika kadi tatu, azipange, basi. Ila mwambie mtengeneza programu aunde fomu ya kuingizia vitabu hivyo kwenye tovuti ya maktaba, uone atakavyokuna kichwa.

Kitabu kimoja kina waandishi wengi, na mwandishi mmoja ana vitabu vingi. Wenye fani huuita uhusiano wa wengi kwa wengi.

Anayeanza kazi hushawishika kubana majina yote matatu katika chumba kimoja cha jedwali la vitabu, akiyatenganisha kwa mkato. Kwa siku chache mambo huenda sawa. Kisha anakuja msomaji anayetaka kazi zote za Muhando, na kompyuta inabidi ipekue maandishi ya kila kitabu. Haitampata kamili hata hivyo, kwa kuwa mwandishi huyohuyo anajulikana pia kama Penina Mlama, na kwa kompyuta hao ni watu wawili wasiojuana.

Dawa yake ni ya zamani kuliko intaneti tunayoijua. Mwaka 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyotaka data ipangwe katika majedwali yenye thamani moja tu kwa kila chumba. Miaka sita baadaye Peter Chen alionyesha namna ya kuchora mambo hayo: vitu viwekwe ndani ya mistatili, na uhusiano wa vitu hivyo uchorwe kwa umbo la uru. Chen aliupa uhusiano umbo lake wenyewe, na akaruhusu uwe na sifa zake wenyewe. Ndiyo maana fundi makini huwa na majedwali matatu: la vitabu, la watu, na la katikati, ambalo kila mstari wake unasema tu kwamba kitabu namba fulani ni cha mtu namba fulani.

Hapo hifadhidata imetulia. Kilichobaki ni fomu, na utamu wa ufundi huu umo humo.

Fomu ya wavuti haijui majedwali matatu. Inajua majina ya visanduku na kilichoandikwa ndani yake. Mtumiaji akiwatia tiki waandishi watatu, kivinjari hupeleka kwa seva jina lilelile mara tatu, kila mara na namba tofauti: waandishi=4, waandishi=9, waandishi=12. Katika Django, mfumo wa kuundia tovuti, anayeuliza thamani ya "waandishi" kwa njia ya kawaida hupewa ya mwisho peke yake, yaani 12, na wale wawili wanapotea bila kelele. Inabidi aombe orodha nzima kwa amri ya getlist. Lugha ya PHP nayo hutaka jina la kisanduku liishie na mabano ya mraba, la sivyo itafanya vilevile.

Kisanduku kisichotiwa tiki kina vituko zaidi. Kivinjari hakipeleki "hapana"; hakipeleki kitu kabisa. Mhariri akiondoa tiki zote ili kitabu kibaki bila mwandishi, seva hupokea ukimya, na ukimya una maana mbili: "waondoe wote" au "fomu hii haikuwauliza". Rails, mfumo mwingine wa aina hiyo, hulimaliza tatizo hilo kwa hila ndogo ya kupendeza. Huweka ndani ya fomu kisanduku kilichofichwa chenye thamani tupu, ili orodha ifike seva hata kama haina mtu. Watumiaji hawakioni kamwe, ila kazi yake wanaiona kila wanapohifadhi.

Kuna pia suala la nani atangulie. Mstari wa katikati unahitaji namba ya kitabu, na kitabu kipya hakina namba mpaka kiwe kimehifadhiwa. Django, iliyoanzia mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World la Kansas na kutolewa kwa umma mwaka 2005, hulishughulikia hilo yenyewe mradi fomu ihifadhiwe moja kwa moja. Lakini fundi akisema "subiri kwanza, nataka kuongeza jina la aliyeingiza", kwa kuandika commit=False, basi ni juu yake kuita save_m2m baada ya kitabu kupata namba. Akisahau, kitabu kinaingia bila mwandishi hata mmoja, na hakuna kosa linalotangazwa. Mafundi waangalifu hufunga hatua zote mbili ndani ya muamala mmoja: ama vyote viingie, ama kisiingie hata kimoja.

Na kuhariri je? Njia ya mkato ni kufuta mistari yote ya kitabu hicho na kuiandika upya. Django yenyewe ilifanya hivyo, orodha mpya ilipowekwa moja kwa moja, hadi toleo la 1.9 la Desemba 2015. Tangu hapo hulinganisha orodha ya zamani na mpya, kama mwalimu anayeita mahudhurio: waliopo wanaachwa, waliokuja wanaandikwa, walioondoka wanafutwa. Mfumo wa Laravel nao una amri ya sync ifanyayo kazi hiyohiyo, kisha inamrudishia fundi orodha ya walioongezwa, walioondolewa na waliorekebishwa.

Tofauti ya njia hizo mbili huonekana pale uhusiano unapokuwa na habari zake. Chukua Mabepari wa Venisi, 1969. Shakespeare na Nyerere wote wanahusika na kitabu hicho, lakini mmoja ni mwandishi na mwingine ni mfasiri, na orodha ya tiki haina pa kusemea hilo. Jukumu si sifa ya Nyerere, kwani katika Uhuru na Umoja yeye ndiye mwandishi. Wala si sifa ya kitabu. Ni sifa ya ule mstari wa katikati, pamoja na nafasi ya jina kwenye jalada. Anayefuta mistari na kuiandika upya kutokana na tiki tupu anafuta na majukumu yote.

Kwa hiyo tiki ziachwe, na fomu iwe na vijifomu ndani yake: mtu, jukumu, nafasi, na kitufe cha kuongeza mstari mwingine. Ni kazi zaidi, na inastahili. Hata kanuni ya kuzuia marudio lazima ifikiriwe upya. Anayekataza mtu mmoja kutajwa mara mbili katika kitabu kimoja atakwama kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigĩkũyũ kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1982. Kinachokatazwa kiwe mtu yuleyule, kitabu kilekile, kwa jukumu lilelile.

Orodha ya watu nayo hurefuka. Maktaba yenye waandishi elfu kadhaa haiwezi kumtaka karani ashikilie kitufe cha Ctrl huku akishuka orodha nzima. Akikosea kubofya mara moja, aliokwisha kuwachagua wote wanatoweka. Django ilipotoa toleo la 2.0, Desemba 2017, iliweka katika ukurasa wake wa usimamizi kisanduku cha kutafutia: karani anaandika herufi chache na majina yanayofanana yanajitokeza.

Anayekabidhiwa fomu ya namna hii na aijaribu kabla ya kulipa. Aingize kitabu chenye watu watatu na majukumu yao, ahifadhi. Arudi abadilishe mtu mmoja tu, ahifadhi, aone kama majukumu ya wale wawili yamesalimika. Mwishowe awaondoe wote, ahifadhi tena, aifungue fomu upya. Majina yakiwa bado yapo, fomu irudi kwa fundi.