Mashine na Sikio la Noonkopir

Spotify ilipofika Kenya mwaka 2021, msikilizaji wa Noonkopir alipata mteuzi wa nyimbo asiyechoka. Yafaa tuuhakiki uteuzi wenyewe. Njia yake mojawapo kuu ni kulinganisha wasikilizaji: waliousikiliza wimbo huu waliusikiliza na ule. Basi wimbo wenye wasikilizaji haba hukosa jirani, usipendekezwe. Tena njia hiyo haiyahesabu maneno. Yaweza, ajabu hii, kuuandamanisha wimbo wa harusi na maombolezo. Wimbo wa Kimaasai, kwa desturi, huongozwa na olaranyani, kundi likamwitikia kwa sauti za kooni pasipo ngoma. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, aliacha sahani za santuri. Waimbaji wa Kajiado wasiorekodiwa hawamo hata miongoni mwa waliosahauliwa.