Cry Baby Lane: Kaburi Lenye Jina Lisilo Lake

Filamu hii ilinila chapati mbili, kwa hivyo nina haki ya kuiandikia.

Ilikuwa hosteli, kabla karo haijanishinda nikaachana na chuo. Mwenzangu wa chumba alikuwa mtu wa kukesha akifukua vitu vya ajabu mtandaoni. Usiku mmoja stima zimepotea, akanisimulia kuhusu Cry Baby Lane. Ati ni muvi ya kutisha ya Marekani, iliyotengenezewa watoto na Nickelodeon, stesheni ileile ya SpongeBob. Ati ilionyeshwa mara moja tu, wazazi wakapiga simu kwa hasira, stesheni ikaifungia kabatini na kujifanya haijawahi kuwepo. Nikamwambia huo ni uongo wa intaneti. Tukawekeana dau la chapati mbili. Kufika asubuhi nilikuwa nishalipa.

Hebu nijitetee kidogo. Kwa karibu miaka 11 hakukuwa na DVD ya filamu hiyo, wala marudio, wala kipande cha kuonyesha mtu. Kulikuwa tu na watu wazima waliosema, "niliiona nikiwa mdogo", na kila mmoja alikumbuka kivyake. Mtandao nao ulikuwa umejaa ngano za episodi zilizolaaniwa na katuni zilizofichwa, nyingi zimetungwa na vijana wenye usingizi wa shida. Kwa hivyo waliokumbuka Cry Baby Lane walitiwa kapu moja na waongo. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sehemu ya kutisha ya habari hii yote: kuwa na kumbukumbu ya kweli, halafu dunia ikuambie uliota.

Kumbe hawakuota. Filamu iliongozwa na Peter Lauer na ilionyeshwa tarehe 28 Oktoba 2000, siku chache kabla ya Halloween. Mwanzoni mpango ulikuwa mkubwa, filamu ya sinema ya dola milioni 10. Stesheni ikakataa, ikampa 800,000 atengeneze ya runinga. Mwaka wa 2011 mtu mmoja aliyekuwa ameirekodi kwenye kaseti ya VHS akaitoa mtandaoni, na mnamo 31 Oktoba mwaka huohuo stesheni dada, TeenNick, ikaionyesha tena.

Sasa, ni kali? Nimeitazama mara tatu, mara ya mwisho kwenye simu, kitandani, nikihesabu bando.

Hadithi ni hii. Ndugu wawili, Andrew na Carl, hupenda kumsikiliza mzee Bennett, ambaye kazi yake ni kuzika watu, akisimulia hadithi za mizimu. Usiku mmoja anawapa ile ya mkulima aliyepata watoto mapacha walioungana miili, mmoja mwema na mwingine mwovu. Wakaugua, wakafa pamoja. Baba akawatenganisha kwa msumeno. Mwema akazikwa makaburini kwa heshima, mwovu akafukiwa mwisho wa barabara ya vumbi, pale ambapo sasa kilio husikika usiku. Vijana kwa ujinga wa vijana wanaenda makaburini kuita roho, wakijua kwamba aliye pale ni yule mwema. Ila wakati wa kuzika, miili ilichanganywa. Wamemwamsha yule mwingine, naye anawapanda watu wa mji karibu wote.

Mzee Bennett ameigizwa na Frank Langella, yaani Dracula mzima wa filamu ya 1979, na ndiye anayeibeba. Anasimulia polepole kama mtu aliyekaa na maiti miaka mingi mpaka hana haraka na mtu. Anapokuwa kwenye kiti chake akizungumza, naamini kila neno. Anapotoka, pesa zinaonekana hazikutosha: mambo yanakimbizwa, mizaha ya kitoto inaingia pasipoitwa, na wapenzi wa shuleni wanachukua dakika ambazo ningempa Langella zote.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mtoto wa miaka minane hawezi kukisahau, na sasa naelewa kwa nini. Katika hadithi nyingi za kutisha za watoto kuna mtu mzima wa kukimbilia. Hapa pepo anawapanda watu wazima pia. Andrew anageuka huku na huku akitafuta mkubwa wa kumwambia, na mkubwa mwenyewe ndiye tatizo. Hakuna damu ya maana, hakuna kitu ambacho kingemshtua mtu aliyelelewa na muvi za Nollywood za uchawi saa tatu usiku. Lakini hilo la kukosa wa kumwambia, na baadaye kukua ukiwaambia watu na wao wakikataa, wee.

Kuhusu marufuku sasa. Waliokana filamu walikosea, na waliosema imefungiwa nao naona walitia chumvi. Lauer mwenyewe hakuwa na habari ya marufuku yoyote; alijua tu kwamba ilionyeshwa mara moja ikaishia hapo. TeenNick walipoirudisha waliipigia debe kwa sifa ileile ya kupigwa marufuku, na hapo siwalaumu, ni biashara. Nani atakesha kuona filamu iliyosahaulika tu? Ile iliyofungiwa ndiyo tamu.

Mimi naona kusahaulika ni kubaya zaidi. Anayepiga marufuku lazima kwanza aitazame kazi, aiogope, aandike barua. Barua hubaki. Anayesahau hana hata haja ya kuwa mwovu. Anaweka kitu kwenye rafu na kwenda chakula cha mchana. Hii filamu, yenye hadithi ya miili iliyochanganywa ndani ya makaburi, nayo yenyewe ilizikwa mara mbili kwa jina lisilo lake: kwanza "uongo", kisha "marufuku". Sijui kama Lauer aliwahi kucheka kuhusu hilo. Mimi nilicheka.

Na aliyeifukua si stesheni yenye majengo na wanasheria. Ni mtu aliyebonyeza kitufe cha kurekodi nyumbani kwake na asiitupe kaseti. Huku kwetu tunajua habari hizo. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka wa 2010, nakala yake ya asili haipo. Kompyuta ilihitaji nafasi ya kazi nyingine. Tunayoipenda leo ni ile ya DVD yenye VJ Emmie akipiga kelele juu ya kila risasi, kama DJ Afro anavyotufanyia sisi. Kelele hizo ndizo zilizoiokoa. Mtu akiniambia nakala hiyo ni chafu, namuuliza safi iko wapi.

Nina yangu pia. Nikiwa na miaka sita hivi niliona mchezo wa runinga, wa Kiswahili, wenye mzee aliyetembea kijijini akibeba mlango mgongoni. Kila alipofika aliuweka chini, akabisha, akangoja. Sikumbuki jina, wala mwigizaji. Dada yangu, tuliyekuwa tumekaa naye kwenye kochi moja, anasema hakuna kitu kama hicho, nilikuwa na malaria. Niliwahi kwenda kwenye stesheni moja kuuliza. Nikapitishwa ofisi tatu, ya mwisho nikaambiwa kaseti za zamani zilirekodiwa juu yake vitu vingine, halafu nikaulizwa kama nina barua ya chuo. Chuo chenyewe sikuwa nacho tena.

Baada ya kuitazama Cry Baby Lane mara ya tatu nilimpigia dada tena. Sikumwuliza kama anakumbuka mlango. Nilimwuliza ni nani mtaani alikuwa na mashine ya kurekodi wakati ule. Akanyamaza kidogo, akasema mjomba, yule wa Kitengela, alikuwa akirekodi mpira na mara nyingi akasahau kuzima. Nimemfikia. Anasema katoni iko juu ya dari, kaseti kama thelathini, panya wamezionja chache. Jumamosi naenda kuzichukua. Mashine ya kuzichezea ndiyo bado natafuta.