Dola Moja Iliyopungua

Kosa lililouharibu ujenzi wa juzi, ambao wasomaji wa safu hii waliutazama tangu amri ya kwanza hata ya mwisho, halikuwa katika kukusanya msimbo wala katika kuunganisha, bali katika uamuzi mmoja uliofanywa kwa pupa: mjenzi alipoona programu yake inakataa kuanza kwa kuikosa maktaba iliyokuwa katika saraka ya jirani, aliifuta -rpath katika Makefile, akaandika LD_LIBRARY_PATH katika skripti ya kuanzishia, akaridhika. Kwa rai yangu uamuzi huo hauna udhuru.

Saraka za -L alizipanga barabara, na -l zikafuata faili za objekti kama ipasavyo.

Lakini natuangalie kilichomkimbiza katika njia ya sawa. Aliandika -Wl,-rpath,'$ORIGIN/../lib', na nia yake ilikuwa njema, kwani $ORIGIN hukiongoza kipakiaji kianze kutafuta pale ilipo programu yenyewe, popote itakapohamishiwa. readelf -d ikamwonyesha RIGIN/../lib, herufi O imetoweka. Hapo ndipo ilipompasa kutulia. Make huisoma $O kuwa ni kigeu chenye jina la herufi moja, na maadamu hakikupewa thamani, huacha utupu mahali pake. Alama za kunukuu huizuia sheli, haziizuii Make. Dola mbili, $$ORIGIN, zingalimaliza shauri lote. Stuart Feldman aliitunga Make katika Bell Labs mwaka 1976, na mafundi wa Unix wa zama zile, waliousoma mwongozo kabla ya kuishika zana, wasingalishindwa na jambo sahali kama hili.

Badala yake tukaona: export LD_LIBRARY_PATH=/opt/lib:$LD_LIBRARY_PATH. Kigeu hicho hurithiwa na kila programu itakayoitwa na skripti ile, hata zisizohusika kabisa, sawa na kuubadilishia mtaa mzima majina kwa sababu mgeni mmoja amepotea. Fauka ya hayo, na hili ndilo zito, kigeu kikiwa kitupu tangu awali, nukta pacha hubaki mwishoni peke yake, na kipakiaji huifasiri nafasi ile tupu kuwa ni saraka aliyomo mtumiaji wakati huo. Basi mwenye hila akitia humo faili yenye jina la maktaba ya mfumo, ya bandia hutangulia ya halali. Nimelilalamikia jambo hili mara nyingi, kama ninavyowalalamikia wa CMake wanaotawanya link_directories ilhali find_library ipo, wala sitanyamaza maadamu skripti za namna hii zinaendelea kuandikwa.

Mjenzi na airejeshe -rpath, aongeze dola ya pili, aifute export ile, kisha aihamishie programu pamoja na lib yake katika saraka nyingine na kuipima kwa ldd kabla ya kumkabidhi mtu yeyote.