Fundi na Land Rover ya Turubai

Ulaya, anayetaka kununua Land Rover ya zamani huanza na namba ya chasisi. Huuliza ilitoka kiwandani mwaka gani, injini iliyomo ndiyo iliyozaliwa nayo au imebadilishwa, rangi ni ile ya kwanza au imepakwa nyingine juu yake. Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, mnunuzi anayejua magari huanzia kwingine. Huuliza: fundi wake nani? Mimi naamini swali la Matai ndilo linalogusa mzizi wa thamani ya gari. Nataka kulitetea, na kumsifu yule anayeulizwa habari zake.

Swali hilo limefundishwa na barabara. Ufipa, iliko Matai, ni uwanda wa juu uliokaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Ukitoka Matai kwenda bandari ya Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, unateremka. Ukitoka Sumbawanga kwenda bonde la Rukwa, unaporomoka kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Mvua huanza Novemba, na mpaka Aprili udongo hung'ang'ania tairi. Leo kuna lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224, na nyingine kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga, lakini lami hizo ni za juzi tu. Kwa miongo mingi kabla yake, bwana shamba, padre, mganga na polisi walifika vijijini kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, au hawakufika kabisa. Mara nyingi gari hilo lilikuwa Land Rover, na lilipoharibikia ndipo lilipotengenezewa. Hapakuwa na namna nyingine.

Kwa bahati njema, gari lenyewe lilizaliwa katika shida. Lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na jipi kuukuu la Willys lililobaki baada ya vita ndilo lililompa wazo. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na njaa ya chuma, na viwanda vilikipata kwa mgao. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesiamu. Mashine kubwa za kukandamizia mabati zilikuwa ghali mno, kwa hiyo mabati yakakunjwa kwa mikunjo rahisi iliyonyooka. Hata paa halikuwamo kwenye bei. Gari liliuzwa pauni 450, na turubai, sehemu za juu za milango na tairi la akiba vikalipiwa mbali. Vilipojumuishwa baadaye mwaka huohuo, bei ikapanda hadi pauni 540.

Uhaba ule wa kiwanda cha Rover huko Solihull, Uingereza, ukaja kuwa neema ya Ufipa. Bati lililokunjwa kirahisi kiwandani hukunjika kirahisi kwenye gereji iliyo chini ya mkaratusi. Bodi imefungwa kwa bolti kipande kwa kipande, kwa hiyo digadi iliyopondeka hufunguliwa kwa spana na kubebwa begani hadi gereji, gari likibaki lilipo. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza mwaka 1958, ina silinda nne na kabureta moja, na pembeni yake imeachwa nafasi ya kutosha mkono kuingia. Betri ikifa, kwenye bampa kuna tundu la kupitishia hendeli. Waliobuni gari hili walikubali tangu mwanzo kwamba litaharibika mbali na kiwanda, wakamwachia nafasi mtu wasiyemjua ambaye angekuja kulitengeneza.

Mtu huyo ndiye fundi, na kazi yake si nyepesi hata kidogo. Urahisi wa kufungua si urahisi wa kutengeneza. Chukua bati la digadi. Alumini haipati kutu kama chuma, lakini ikigusana na chuma penye unyevu huliwa taratibu. Hutoa unga mweupe, kisha hutoboka kuzunguka bolti. Fundi asiyejua hufunga bolti mpya kwenye tundu lilelile, na baada ya masika mawili bati limekwisha. Fundi anayejua hukata kipande cha tyubu kuukuu, akakiweka kati ya alumini na chuma, ndipo akakaza. Kipande hicho hakionekani gari likishafungwa. Hakuna mteja atakayekisifu, lakini ndicho kitakachoamua kama digadi itamfaa mwenye gari au mjukuu wake.

Au tazama namna anavyonyoosha bati lenyewe. Alumini ikigongwa sana hukakamaa, na ukiendelea kuigonga hupasuka. Lazima ilainishwe kwa moto, na hapo pana mtego: chuma kikipata moto huiva na kuwa chekundu, kikakuonya, ila alumini haikuonyi. Huyeyuka ghafla ikiwa na rangi yake ileile. Fundi wa gereji hana kipimajoto. Ana kipande cha sabuni ya mche. Husugua sabuni juu ya bati, akalipitishia moto kutoka chini polepole, macho yake yakiwa kwenye ule utando wa sabuni. Utando hugeuka kahawia, kisha mweusi. Ukishakuwa mweusi, anaondoa moto papo hapo. Bati limelainika, na sasa litaufuata mkono. Akichelewa kidogo, amelipoteza. Ujuzi huo haukuandikwa kwenye kitabu kilicholetwa pamoja na gari. Hupita kutoka kwa fundi kwenda kwa kijana aliyesimama karibu yake akitazama.

Kisha kuna turubai, ambalo ndilo sura ya gari hili, na ambalo kazi yake ina fundi wake mwingine. Turubai zuri ni la pamba. Pamba ikilowa, nyuzi huvimba na kuziba vinafasi vilivyo kati yake, kwa hiyo mvua inayolipiga ndiyo inayolifunga. Turubai la plastiki huzuia maji pia, lakini hufungia joto ndani, na likishaanza kukatika kwenye mkunjo halishoneki tena. Fundi mzuri hapimi turubai mezani. Hulitupa juu ya mapaipu likiwa garini, kwa sababu mapaipu yaliyobeba turubai miaka mingi yamepinda kila moja kwa namna yake. Huacha nafasi kidogo, akijua pamba itajikaza baada ya mvua ya kwanza. Hukunja pindo mara mbili, hushona mistari miwili, na uzi wake umepitishwa kwenye nta, kitu ambacho nchi ya asali kama mikoa ya Rukwa na Katavi haikosi. Kwenye kona ya nyuma, ambapo vipande hukutana na unene kuzidi nguvu ya cherehani, huweka mashine pembeni akamalizia kwa shazia na mkono. Ukitaka kuipima kazi hiyo, endesha. Turubai lililoshonwa vizuri hunyamaza barabarani. Lililoshonwa vibaya hupigapiga kwenye mapaipu hadi likajikata lenyewe.

Ufipa haishangai mbele ya ujuzi wa namna hii, maana ujuzi huo una wazee wake. Wahunzi wa Kifipa walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyoyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu yaliyopangwa chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa kwenye tanuri dogo, safari hii kwa mivukuto, kisha kikafuliwa majembe. Anayejenga tanuri linalojivutia pumzi lenyewe anahitaji kuujua udongo, kuni, upepo na mawe, vyote kwa pamoja. Na malungu hayakuzimika kwa sababu wahunzi walisahau kazi. Yalizimwa na jembe la dukani, lililokuwa rahisi zaidi. Mnunuzi alilipia jembe, hakulipia ujuzi, na ujuzi ukakosa pa kula. Magofu ya matanuri hayo yangaliko huko uwandani, nayo ni onyo kwa kila fundi wa leo ambaye kazi yake inathaminiwa na watu lakini hailipwi.

Nalitaja onyo hilo kwa sababu magari yenyewe sasa yanalipwa, tena vizuri. Sheria za nje zimechangia. Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa nchini bila kutakiwa kutimiza viwango vyao vya usalama. Uingereza imeyasamehe kodi ya barabara magari yaliyopita miaka 40. Desemba 2015, kampuni ya minada ya Bonhams iliuza kwa pauni 400,000 Defender, mrithi wa Land Rover zile za mwanzo, iliyotimiza idadi ya magari milioni mbili ya ukoo huo. Mwezi uliofuata, tarehe 29 Januari 2016, Defender ya mwisho ya ukoo ule ilitoka Solihull, na mwaka huohuo Land Rover yenyewe ikaanza kutafuta magari chakavu ya toleo la kwanza, Series I, kuyafufua na kuyauza. Kwetu pia hamu imepanda. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, nia ikiwa kuivunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Bad Kissingen, Ujerumani, mwaka 2018. Zinazotafutwa zaidi na wakusanyaji ni zile za mwanzo, Series I za kati ya 1948 na 1958, hasa fupi zenye inchi 80 kati ya ekseli, zilizobaki na turubai lao, chasisi isiyooza na karatasi kamili.

Hapo ndipo kanuni ya mkusanyaji inapogongana na kanuni ya gereji. Mkusanyaji hutaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Kila kilichobadilishwa hupunguza bei: injini ya dizeli iliyotolewa kwenye gari la Kijapani, ribiti zisizo za kiwanda, kiti kilichofumwa upya. Sizidharau hoja zake. Gari lisiloguswa ni ushahidi, na ushahidi ukiharibiwa haurudi. Lakini namwomba aitazame Land Rover iliyofanya kazi Ufipa kwa miaka hamsini. Namba ya chasisi inasimulia kazi iliyofanyika Solihull, tena kazi ya siku chache. Miaka iliyobaki imeandikwa na mafundi. Kuihesabu siku ya kuzaliwa peke yake na kuufuta umri wote uliofuata ni kupima kwa kipimo pungufu.

Wala sisemi kila tengenezo lisifiwe. Yapo matengenezo yanayoliua gari: chasisi iliyokatwa ili injini kubwa iingie, alumini iliyotobolewa ovyo, nyaya zilizounganishwa kwa kufungwa mafundo. Na yapo yanayolisoma gari kwanza. Ribiti mpya huwekwa kwenye matundu yaleyale. Kipachiko cha injini ngeni hufungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, ili siku moja ya zamani iweze kurudi. Turubai jipya hushonwa kwa kufuata vipande vya lile la kwanza, ambalo fundi amelifumua taratibu ili alitumie kama ramani. Magari mawili ya mwaka mmoja, yaliyosimama pamoja kwenye kituo cha mafuta Matai, yanaweza kutofautiana thamani mara kadhaa kwa sababu ya jambo hili tu. Ndiyo maana nasema swali la fundi wake nani si la mapenzi na mazoea. Ni kipimo makini kuliko kumulika chasisi kwa tochi, kwa sababu linakuambia hata yale ambayo tochi haiyafikii, kama kile kipande cha tyubu kati ya mabati.

Basi tufanye nini? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa wamesema kweli tupu. Mwenye Land Rover ya zamani ahifadhi kadi ya usajili na kibati chenye namba. Injini ya kwanza ikitolewa isiuzwe kama chuma chakavu, ikae stoo, imepakwa grisi. Turubai kuukuu lisikatwe kufunikia mahindi kabla vipimo vyake havijachukuliwa. Kila kazi iandikwe: tarehe, sehemu, kilichotolewa, kilichowekwa. Daftari la shule linatosha. Asiyefanya hivyo atajikuta siku moja anamuuzia mgeni gari la thamani kwa bei ya mabati.

Na daftari hilo liwe na jambo moja ambalo katalogi za minada hazina desturi ya kulitaja. Hutaja wamiliki kwa mfuatano, mmoja baada ya mwingine, na fundi aliyeliweka gari hai hatajwi. Aandikwe jina lake, mahali pake na alichokifanya. Jina likiandikwa, kazi huwa na mwenyewe, na kazi yenye mwenyewe hulipwa kwa heshima zaidi na hufanywa kwa uangalifu zaidi. Mnunuzi atakuwa na mtu wa kumwendea, na mkusanyaji atapata historia iliyotimia badala ya nusu yake. Na kijana anayejifunza leo kusoma rangi ya sabuni juu ya bati atakuwa na sababu ya kuamini kwamba ujuzi huu utamlisha. Wahunzi wa malungu walikuwa na ujuzi wote uliohitajika, ila hawakupata wa kuulipia. Mafundi wa Matai tunaweza kuwalipa, na anayepaswa kuanza ni yule anayekwenda kufaidi bei ya gari lililookolewa na mikono yao.