Vioja Mahakamani: wanamcheka nani?

Nikiwaza komedi ya televisheni isiyo na pesa nyingi, narudi kwa Vioja Mahakamani ya KBC. Chumba kimoja tu: hakimu juu, kiongozi wa mashtaka, mshtakiwa kizimbani. Mwongozaji anabaki na nyuso za kuchezea. Mshtakiwa akidanganya, mimi simwangalii yeye, namwangalia hakimu anavyojikaza asicheke. Hapo ndio mbavu zinauma.

Lakini kuna hii ya lafudhi. Mshtakiwa akifungua mdomo na Kiswahili cha kwao, watu washacheka kabla hajasema la maana. Zamani iliniudhi, sisi Wakongo wa hapa Kakuma tunachekwa hivyo kila siku. Ila angalia vizuri: huyo mtu si mjinga. Anapindua swali mpaka Gibson Gathu, aliyeigiza kiongozi wa mashtaka, anabaki kumkodolea macho. Aibu inaangukia wenye vyeo.

Vijana wangu waliiga lafudhi, hiyo nyingine wakaiacha. Tulirekodi kwa simu kichekesho cha foleni ya chakula, na mama wa Bukavu anayekosea maneno. Mimi ndiye nilikuwa naongoza, nilicheka hadi simu ikatikisika. Msichana aliyecheza huyo mama hakurudi mazoezini. Alikuwa ameiga mama yake mzazi.

Tumerekodi upya. Sasa mama anamhoji karani kuhusu mizani, kwa Kiswahili kilekile, na karani ndiye anakosa jibu. Watu wamecheka kidogo kuliko mwanzo. Msichana amerudi, ila amekataa kucheza, anashika simu.