Waliouhoji Mzizi wa Mtandamboo

Kwenye nyanda kavu za kaskazini mwa Mlima Kenya, upande wa Timau, watoto wachungaji huupenda mtandamboo kwa matunda yake meusi matamu. Wazee huutafuta mzizi wake kwa dawa.

Mzizi huo ulipata wapimaji. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979, walichapisha matokeo yao: dawa iliyotolewa mzizini kwa maji ilizuia virusi vya malengelenge visizaane ndani ya seli zilizokuzwa maabarani, kwa mikrogramu 50 tu katika mililita moja. Panya walioambukizwa wakapewa dawa hiyo, wakaishi muda mrefu kuliko wenzao walionyimwa.

Ni kazi ya subira. Mzizi hukaushwa, husagwa, huchemshwa, huchujwa, kisha huulizwa maswali mawili: unazuia kirusi? Unadhuru seli nzima? Hilo la pili muuza mitishamba hawezi kulijibu kwa macho wala kwa kuonja, hata awe mkweli kiasi gani.

Hongera kwa watafiti hao! Panya si binadamu, na safari iliyobaki ni ndefu. Serikali iwape fedha waimalize.