Diwani na Taarifa ya Kata

Diwani wa kata nchini Tanzania huchaguliwa na wakazi wa kata yake kila baada ya miaka 5. Ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ni katibu. Kero za mitaa hupita hapo kabla ya kufika baraza la madiwani, linalokutana kila robo mwaka.

Kinachostahili pongezi zaidi ni diwani kurudi kwa wananchi na taarifa. Diwani mzuri husimama kwenye uwanja wa shule na kutaja kalavati lililoziba, zahanati iliyoishiwa dawa, fedha zilizotengwa na zile zilizofika kweli, mambo mawili ambayo huchanganywa mno. Hueleza pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapo ndipo mama muuza maandazi anapojua kuwa kikundi chake lazima kisajiliwe kwanza. Anayethubutu kusema wazi kwamba barabara fulani haimo kwenye bajeti ya mwaka huu anastahili heshima kubwa kuliko mtoa ahadi. Maswali yaliyobaki huandikwa na kupelekwa kikao kinachofuata.